Bunduki Iliponyamaza

Mwaka 1956, nilipoingia jeshi la Keya, yaani King's African Rifles, nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Pangani, nilidhani, kama walivyodhani wenzangu wote, kwamba elimu ya bunduki ni elimu ya kulenga, na kwamba aliyejaliwa jicho kali na mkono usiotetemeka hana la ziada la kujifunza. Wala hakuna aliyenidokezea kwamba saa zangu nzito katika uwanja wa shabaha zingekuwa zile ambazo bunduki, baada ya kufyatuliwa, ingekaa kimya.

Silaha yetu ilikuwa Lee-Enfield ya Kiingereza, ya risasi za .303, iliyochukua risasi kumi zilizotiwa tano tano kwa vibanio vya chuma, na komeo lake lilikuwa jepesi kiasi cha kumtia mwanafunzi kiburi. Aibu yangu ya kwanza ilitoka humo. Risasi ile ina ukingo kwenye tako lake, na ukijaza kwa pupa hata ukingo wa risasi ya juu ukakaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, hushikana kama mbuzi waliopishana pembe: ukisukuma komeo zinakataa, ukizidisha nguvu zinakataa zaidi. Mimi nilizidisha nguvu.

Sajini wetu, mtu mzima wa Bagamoyo aliyepigana Burma mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, ambako tope la masika lilipenya kila tundu la silaha, hakunitukana, jambo lililokuwa nadra miongoni mwa masajini. Alizitoa risasi mbili zile, akazilaza kiganjani, akazipanga vibaya, kisha vizuri, akasema, “Mwanangu, bunduki haina inda. Umeipa amri mbili zinazopingana.”

Ila somo lake kubwa lilikuwa la risasi iliyokataa kulia. Unafyatua, unasikia mlio mkavu wa sindano juu ya fataki, basi. Na nafsi, kwa ajizi yake ya kusubiri, inakushawishi ufungue komeo papo hapo uone kuna nini. Hapo ndipo penye hatari, kwani yumkini fataki imewaka kwa uvivu na baruti inafukuta ndani, na ganda likilipuka nje ya chemba iliyoundwa kulizuia, vipande vyake havina pa kwenda ila usoni pako. Kwa hiyo sharti ubaki kama ulivyo, kasiba imeelekea shabaha, kwa muda wa nusu dakika. Na kwa kuwa saa za mkono zilikuwa mali ya wachache, wenzetu wa bara walihesabu moja hata thelathini, na sisi wa pwani alituamuru tusome Alhamdu moja kimoyomoyo, kwa taratibu, bila kurukia aya.

Baada ya hapo ndipo komeo hufunguliwa, na risasi ile husomwa kama barua. Alama hafifu juu ya fataki ilimshitaki askari au bunduki yake, yaani komeo halikufungwa barabara au sindano imechoka. Alama ya kina ilimtoa askari hatiani, ikaishitaki risasi. Jioni tulimimina maji ya moto ndani ya kasiba ili kuosha chumvi iliyoachwa na fataki, ambayo huvuta unyevu na kuleta kutu, na birika la kazi hiyo, Mungu atusamehe, ndilo lililotupatia chai.

Niliacha jeshi mwaka 1961. Miaka kumi baadaye, Mwongozo wa TANU ulipotaka raia wafunzwe kuilinda nchi, niliitwa niwasaidie mgambo wa kwetu, nikakuta bunduki za Kichina, SAR na SMG, ambazo hujipakia zenyewe kwa nguvu ya moshi wa baruti. Mwanzoni nilizidharau. Kisha SAR moja, iliyotoka sandukuni na mafuta yake mazito ya ghalani, ikanitia adabu: mwanafunzi aliachia komeo, kidole chake kikiwa mbali na kifyatulio, na bunduki ikapiga yenyewe mara tatu kwenye tuta, kwa sababu sindano yake, isiyo na springi ya kuirudisha, ilikuwa imenata mbele ndani ya mafuta yale. Tangu siku hiyo kila sindano ilitikiswa sikioni kabla ya kwenda uwanjani; ikicheza, salama.

Luteni kijana aliyekuja kutunoa alikuwa na dawa moja kwa takriban kila maradhi ya SMG: gonga magazini, koki, endelea. Nilipomtajia nusu dakika yangu alicheka kwa adabu, akasema, “Mzee, adui hatakupa hiyo nusu dakika.” Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina, ingawa uwanja wa shabaha, kwa ninavyojua mimi, hauna adui.

Asubuhi moja binti mmoja wa mgambo alikuwa amelala kifudifudi akilenga, SMG yake ikanyamaza. Kabla sijainua mkono aligonga, akakoki, risasi mbovu ikaruka mchangani, naye akaendelea kupiga. Niliiokota nikaitazama: alama ilikuwa ya kina, hana kosa. Nilitaka kumpongeza, lakini sikuweza mara moja, kwani nilikuwa nimefika katikati ya Alhamdu.