Begi na Bega

Husemwa kwamba mzigo mzito mpe Msukuma. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, na msemo huo nimeusikia tangu utotoni, mara nyingi ukisemwa kwa kicheko. Lakini asili yake si kicheko. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo kwa miguu, kila mtu na mzigo wa kilo 30 hivi, begani au kichwani.

Mwishoni mwa 1997 nilinunua begi la mgongoni kwenye mitumba, sokoni Shinyanga. Lilikuwa la turubai la kijani, lenye mikanda minene ya sponji, na mkanda mwingine wa kufunga kiunoni. Niliamua kulijaribu katika safari ya Nyarugusu, Geita, siku hizo ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mdogo wangu alikuwa ameacha shule akaenda huko kuchimba dhahabu. Nilipakia unga, dagaa, shuka na madaftari mawili, nikitumaini kurudi naye.

Ulikuwa wakati wa mvua za El Nino. Gari lilinasa njiani, nami nikatembea muda wa saa nne katika matope mekundu na vilima vya mawe. Unga nilikuwa nimeuweka upande wa nje, na begi likawa linanivuta nyuma. Nilipouhamishia juu, karibu na mgongo, nikatembea wima. Nilipokaza mkanda wa kiunoni, uzito ulihama mabegani ukakaa nyongani. Maji yalipenya kwenye mishono, ila vitu vyangu vilikuwa ndani ya mfuko wa rambo, aina ile iliyopigwa marufuku nchini mwaka 2019. Zipu ilikwama kwa matope. Nikaisugua kwa kipande cha sabuni, ikateleza.

Nilifika nikilisifu begi. Mdogo wangu akaniamkia shikamoo, akalipima kwa mkono, akasema, "Kaka, hapa begi hujaribiwa kwa mawe."

Asubuhi akalijaza mawe ya dhahabu kutoka duarani, ayapeleke kupondwa. Hakufika mbali. Mkanda mmoja uling'oka kwenye mshono. Akacheka, akayamimina mawe katika kiroba cha salfeti, akakitupa begani, akaenda zake.

Jioni alipovua shati nililiona bega lile. Ngozi ilikuwa ngumu kama ya kisigino, na bega lenyewe limeshuka kuliko la pili. Alikuwa na miaka 19.

Usiku ule sikumhubiria kama nilivyokusudia. Tuliazima sindano na uzi wa nailoni, tukaushona ule mkanda, mishono ya kwenda na kurudi. Nikamwambia, "Begi limechanika, tumelishona. Bega lako nani atalishona?" Hakunijibu. Nilipoondoka, nilimwachia begi na madaftari.

Alirudi nyumbani mwaka 1999, begi likiwa mgongoni. Mshono wetu ulikuwa bado umeshika. Bega halikupanda tena, hadi leo. Ndiyo maana mtu akinitajia ule msemo, simkatalii. Namwuliza tu kama amewahi kuliona bega la huyo Msukuma.