Muhogo Mchungu na Mkono wa Mwanadamu



Katika mafundisho ya jumuiya zetu hapa Hewa Bora tumeulizwa zaidi ya mara moja kama Mkristo anaruhusiwa kula chakula ambacho wataalamu wamezigusa jeni zake. Swali hilo hufika kwetu kwa njia ya simu, likiwa limebeba hofu nyingi: kwamba chakula hicho huleta utasa, kwamba wageni wanataka kutupunguza, kwamba ni kumnyang'anya Mungu kazi yake. Hatulicheki. Watu walioona kwa miaka mingi utajiri wa ardhi yao ukiondoka juu ya malori wana haki ya kuuliza nani anawaletea nini. Hata hivyo, kabla ya kuhukumu ni lazima tujue.

Kila kiumbe hai hubeba ndani ya chembe zake maagizo ya urithi, ndiyo jeni. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha kwamba silaha ambayo bakteria hutumia kuwakata virusi inaweza kuelekezwa kukata jeni mahali palipochaguliwa. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2020. Namna inavyosaidia mimea tunaiona katika mpunga uitwao Komboka, unaolimwa Afrika Mashariki. Yuko bakteria anayekausha majani ya mpunga. Huja na kitu kama ufunguo, hufungua jeni zinazotoa sukari ya mmea, kisha hujilisha. Huko Tanzania ugonjwa huo umezuka ukiletwa na bakteria wa ukoo wa Asia, ambao mpunga wa Afrika hauna kinga ya kutosha dhidi yao. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kwamba wamebadilisha herufi chache kwenye kitasa chenyewe cha Komboka, na ufunguo hauingii tena. Hiyo ndiyo maana ya kuhariri jeni.

Je, ni kumwingilia Muumba? Muhogo, ambao majani yake ndiyo sombe yetu, si mzaliwa wa Kongo. Ulitoka Amerika katika karne ya 16, ukaletwa na Wareno. Mahindi ya bukari nayo yalivuka bahari ileile. Kisha, katika miaka ya 1930, watafiti wa kituo cha Amani, Tanganyika, waliuzalisha muhogo pamoja na mti wa jamii yake unaotoa mpira, ili upate nguvu ya kushinda ugonjwa wa batobato. Kitabu cha Mwanzo kinamweka mtu katika bustani akiwa na kazi mbili, kulima na kulinda, na mkulima asiyechagua mbegu hajapata kuwapo duniani. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, hakutoa hukumu moja kwa nafaka zote zilizobadilishwa jeni. Alikiri kwamba hakuna uthibitisho wa mwisho kuwa zinawadhuru watu. Onyo lake lilikuwa juu ya jambo jingine: mbegu hizo zinapoingia, ardhi nzuri huweza kuishia mikononi mwa wachache, na mkulima mdogo akawa kibarua. Onyo hilo tulishike, kwa maana tutalirudia.

Tuje sasa nchini mwetu. Huko Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo, uko ugonjwa ambao Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938. Mtoto analala mzima. Kesho yake miguu imekakamaa, na haitarudi kuwa kama jana. Wengine hutembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Wengine hawatembei kabisa. Huwapata hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wakati wa ukame wa mwaka 1985 ulionekana pia Tarime, Tanzania. Chanzo chake kinahusiana na muhogo mchungu, wenye kutoa sumu ya sianidi, unapoliwa bila kulowekwa vya kutosha na watu wasiopata maharage, samaki wala nyama. Mababu walijua: muhogo mchungu ulowekwe majini siku tatu. Barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa, wanunuzi wakaongezeka, na siku tatu zikapunguzwa ili gunia lipate kuuzwa mapema. Njaa ya fedha ndiyo iliyofupisha siku zile.

Mwaka huohuo wa 2023 watafiti walieleza kwamba wamezima ndani ya muhogo jeni mbili zinazoanzisha utengenezaji wa sumu hiyo, na sumu ikatoweka. Tunakiri kwamba habari hiyo ilitugusa. Injili inawasifu marafiki wanne waliobomoa paa la nyumba ya watu ili kumfikisha mwenye kupooza mbele ya Yesu. Anayeweza kuzuia miguu ya mtoto isifungwe, tumwambie kwamba amefanya dhambi?

Hatuwezi. Lakini kuna mtu ambaye hakuulizwa, naye ni mama mwenye shamba. Watafiti waliokwenda kuzungumza na wanawake wakulima huko Malawi walisikia kwamba wao huuchagua muhogo mchungu kwa makusudi. Mwizi hawezi kuung'oa akautafuna njiani, na wanyama hawaushambulii kama ule mtamu. Mjane mwenye shamba la mbali, asiye na mlinzi, analindwa na uchungu. Ukimwondolea sumu bila kumwondolea mwizi, umempa tatizo jipya.

Iko pia njia nyingine, iliyofanyiwa kazi huko Popokabaka. Unga huloweshwa kwa maji, hutandazwa tabaka jembamba juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, na sumu hutoka kama hewa kabla ya kupika. Vijiji vilivyoifuata havikupata wagonjwa wapya wa konzo. Haina mwenyewe wala haiuzwi. Lakini inaongeza saa nyingine juu ya mgongo uleule wa mama anayechota maji na kutafuta kuni, na wanaume tunaoandika tafakari tusisahau kuihesabu saa hiyo.

Linabaki onyo la Papa. Muhogo haupandwi kwa punje. Hupandwa kwa vipande vya shina, na vipande hivyo jirani humpa jirani bila malipo. Hivyo ndivyo ulivyoenea bara zima. Zana ya kuhariri jeni, kwa upande wake, ina haki za uvumbuzi ambazo vyuo na taasisi kubwa za Marekani zimezigombania mahakamani kwa miaka. Kwa hiyo, muhogo usio na sumu ukifika kwetu siku moja, swali letu la kwanza lisiwe kama umeguswa na mkono wa mtu. Tuulize kama mama atakayeupanda ataruhusiwa kukata shina na kumpa shemeji yake aliye upande wa pili wa mto. Akiruhusiwa, tutaupokea na kumshukuru Mungu. Akikatazwa, tutasema wazi kwamba ni shimo lilelile lililochimbwa chini ya miguu ya maskini, hata kama unga wake ni safi.

Baadhi yenu mnasoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kituo cha INERA cha Kipopo hakiko mbali na jiji letu. Nendeni mkawaulize wataalamu wetu wenyewe habari hizi, badala ya kungoja ujumbe wa simu usio na jina. Nanyi wengine, kabla ya mkutano ujao, waulizeni mama zetu wanaouza unga wa muhogo sokoni: unatoka kijiji gani, mihogo yake ni michungu au mitamu, na ililowekwa siku ngapi? Majibu yaandikwe katika daftari la kikundi, maana ndiyo tutakayoanza nayo.