WATOTO WATANO, SINIA MOJA: Dada wa mjini na deni lake kwa Babu na Bibi

Mjini wanamjua kwa brashi zake. Ukiwa na harusi Jumamosi na unataka uso ung'ae, unamfuata pale Sinza. Juzi kati kaweka picha ya wazee wawili wamekaa pembeni ya buni iliyoanikwa, kaandika neno moja tu: "Asanteni." Watu wakagonga makopa, wakapita. Ila stori yenyewe iko hivi.

Alikuwa na miaka saba mama yake alipompandisha MV Victoria, Mwanza kwenda Bukoba, akakae kwa Babu na Bibi. Alijua anaenda kudeka. Kufika, mbali na binamu yake, akakuta watoto wengine watatu ambao wala si ndugu. Wazazi wao walikuwa majirani, wakafa kwa Ukimwi wakifuatana. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika, mwaka 1983, na dawa za bure zilikuja kuanza kutolewa 2004. Wale hawakuzifikia.

Babu na Bibi hawakusaini karatasi yoyote. Walisema tu watoto hawawezi kulala peke yao, basi.

Krismasi mama akatuma magauni mawili. Bibi akachukua moja akampa yule binti mwingine. Dada akanuna siku mbili, akauliza: "Bibi, hivi hawa wanarudi lini kwao?" Bibi hakumgombeza. "Kwao ni hapa. Kula, ndizi zinapoa."

Ada ya shule ya msingi ilikuwa imeshafutwa, lakini sare na madaftari je? Babu akauza kahawa, akanunua sare tano. Mwalimu alipouliza jina la baba wa wale watatu, Babu akataja lake. Mara tatu.

Miaka ikaenda. Babu akapooza upande mmoja. Dada Jumamosi zake zimejaa maharusi, akawa anatuma hela kwa simu. Aliyekuwa anamgeuza mzee, anamwogesha, anamnyoa ndevu, ni kijana mmoja kati ya wale watatu. Aliacha bodaboda yake mwaka mzima.

Msibani dada akapewa asome historia ya marehemu. Kuangalia karatasi, majina matatu yamekatwa kwa peni. Wajomba walikuwa wanahofia kibanja: leo jina, kesho watadai migomba.

Akainua macho. Yule kijana alikuwa nyuma kabisa, anawagawia watu chai.

Akasoma majina yote matano, taratibu. Mjomba mmoja akainuka akaondoka. Mpaka leo hawasalimiani, na kesi ya kibanja bado haijaisha.

Usiku akamfuata Bibi jikoni kumuomba msamaha kwa lile gauni. Bibi akamshangaa: "Gauni gani?"

Yeye kalibeba miaka zaidi ya ishirini. Bibi hata halikumbuki, maana kwake hapakuwa na mtoto wa kupewa na wa kunyimwa.

Ndiyo maana ya ile "Asanteni". Kama na kwenu kuna mtoto alikuja na mfuko wa rambo tu, akala, akasoma, akabaki, basi unaelewa. Na kama wazee waliompokea bado wapo, wapigie leo. Usingoje kusoma majina yao kwenye karatasi ya msiba.