Siku ya 42

Kila asubuhi, kabla ya saa moja, kundi letu la WhatsApp hujaa namba. Mmoja anaandika 3, mwingine 19, mwingine 60. Ni idadi ya siku ambazo mtu amekaa bila sigara. Ukivuta hata moja, kesho yake unaanza upya: 1. Sheria hiyo niliitunga mimi.

Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na tasnifu yangu inahusu watu wanaoacha tumbaku kwa msaada wa simu. Wengi walidhani ndiyo sababu ya kuanzisha kundi. Sababu hasa ni kwamba nimevuta sigara tangu mwaka wa pili wa digrii ya kwanza, na peke yangu nilishindwa kuacha. Dar es Salaam huhitaji kununua pakiti ili uvute. Dukani wanauza moja moja, na kiberiti cha gesi kimening'inizwa dirishani kwa kamba, kinakusubiri.

Simu ina faida moja kubwa: iko mfukoni, palepale sigara inapokaa. Hamu ya kuvuta hupanda na kushuka ndani ya dakika chache, na katika dakika hizo daktari hayupo. Ujumbe unaweza kuwahi. Mwaka 2011 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa txt2stop, uliowahusisha wavutaji 5,800 nchini Uingereza. Baada ya miezi 6, asilimia 10.7 ya waliotumiwa ujumbe wa kuwasaidia walithibitishwa kwa vipimo kuwa wameacha, wakati kwa waliotumiwa ujumbe usiohusu kuacha sigara ilikuwa asilimia 4.9. Zaidi ya maradufu! Niliiweka takwimu hiyo katika ukurasa wa kwanza wa sura ya pili.

Siku yangu ya 41, msimamizi alinirudishia sura hiyo ikiwa na wino mwekundu kila ukurasa. Jioni nilishuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya kwetu, mahali ambapo muuza duka hanijui. Nikanunua moja, nikaivuta nikiwa nimesimama nyuma ya kibanda cha chipsi, nikatafuna pipi ya mnanaa, nikaenda nyumbani.

Asubuhi nikaandika 42. Watu wakanipigia makofi ya emoji.

Siku tano baadaye, saa saba usiku, niliingia ujumbe wa sauti. Alikuwa fundi samani wa Keko, mtu wa umri wa baba yangu, aliyevuta tangu kabla sijazaliwa. Mvua ilikuwa inapiga bati nyuma ya sauti yake. "Mwanangu, nimeteleza. Nimevuta mbili. Naona aibu kuandika moja mbele za watu. Nimekuaga wewe tu, kesho natoka kundini."

Nilimjibu kama kijitabu cha wizara. Nikamwambia asikate tamaa, anywe maji, aepuke vishawishi. Nikamalizia na methali ambayo kila mtu anaijua, kwamba kuteleza si kuanguka.

Akajibu kwa sauti ya chini: "Ahsante. Lakini wewe una moyo wa chuma, una siku 46. Mimi si kama wewe."

Nilikaa kitandani nikiitazama simu. Ile asilimia 10.7 niliyokuwa naishangilia ilinijia kwa upande wake wa pili. Hata miongoni mwa waliosaidiwa, karibu tisa katika kila kumi hawakuthibitishwa kuwa wameacha. Fundi alikuwa mmoja wa hao tisa. Na mimi pia. Wale watafiti walilijua hilo tangu mwanzo: mshiriki aliyeteleza aliweza kutuma neno moja tu na kujibiwa kwa ujumbe wa kumtia moyo. Mimi nilikuwa nimesoma hilo, nikalipigia mstari, kisha nikatunga sheria ya kumrudisha mtu kwenye 1 hadharani.

Nikabonyeza kitufe cha sauti. "Shikamoo fundi. Siku 46 ni uongo. Nilivuta siku ya 41."

Kimya. Kisha akapiga simu, anacheka hadi anakohoa. "Kumbe tuko wawili! Basi kesho tuanze wote."

Asubuhi aliandika 1. Nami nikaandika 1, na chini yake maelezo. Wawili wengine, waliokuwa na namba kubwa kuliko yangu, nao wakashuka hadi 1 bila kusema neno. Lakini dada mmoja anayeuza mitumba Ilala aliandika: "Mdogo wangu, kila asubuhi nilikuwa natafuta namba yako kabla sijaandika yangu. Ungesema tu." Alitoka kundini siku hiyo. Nilimtumia ujumbe wa kumwomba radhi mara mbili. Umesomwa, haujajibiwa.

Sheria tumeibadilisha. Anayeteleza anaandika "nimeteleza", siku zake za nyuma hazifutwi, na mmoja wetu anampigia simu. Namba sasa ni chache asubuhi, na baadhi ya siku zinasikitisha kuzisoma. Ila naziamini.

Juzi jioni ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimesimama karibu na lile duka, sigara moja imo mfukoni, bado sijaiwasha. Nikampigia fundi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Iko wapi?"

"Mfukoni."

"Haya, iache humo humo." Nilisikia randa ikiwekwa mezani. "Hiyo sura ya pili yako, hebu nieleze inasema nini. Taratibu, mimi si msomi."

Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, nikaanza kumweleza habari za wale tisa.