Kutoka Korongo la Babi Yar Mpaka Ukumbi wa Moscow

Pembeni mwa mji wa Kyiv, katika nchi ya Ukraine, palikuwa na korongo refu liitwalo Babi Yar. Hapo, tarehe 29 na 30 Septemba, 1941, majeshi ya Hitler yaliwapiga risasi Wayahudi zaidi ya 33,000, wazee kwa watoto.

Mwaka 1961 mshairi wa Kirusi, Yevgeny Yevtushenko, alisafiri kwenda kupatazama. Alikuta malori yakimwaga taka, wala hapakuwa na ukumbusho wo wote. Akaona haya, akatunga shairi, nalo likachapishwa gazetini Septemba hiyo.

Dmitri Shostakovich, mtunzi mashuhuri wa muziki, alilisoma, akalitia sauti pamoja na mashairi mengine manne ya Yevtushenko. Wakubwa wa Serikali hawakupendezwa. Hata hivyo, tarehe 18 Desemba, 1962, mshairi alifika katika Ukumbi Mkubwa wa Chuo cha Muziki, Moscow, ayasikie maneno yake yakiimbwa na mtu mmoja mwenye sauti nzito pamoja na kwaya ya wanaume na okestra nzima. Mwishoni watu walishangilia mno.

Sanamu kubwa ilisimamishwa Babi Yar mwaka 1976, wala maandishi yake hayakuwataja Wayahudi. Wimbo ulikuwa umekwisha kuwataja.