Mninga na Kabati la Vitabu

Wengi hudhani kuwa mbao zote njema zinazouzwa Morogoro hushuka kutoka misitu ya Uluguru. Mninga sivyo. Mti huu hauoti juu kwenye ukungu. Makao yake ni nchi kavu ya miombo, kama upande wa Kilosa. Ukilitia gome lake shoka, hutoka utomvu mwekundu kama damu.

Ndani ya mti mna mbao za namna mbili. Kiini ni cha rangi ya kahawia, pengine chenye michirizi myekundu. Mchwa hawakiwezi kwa urahisi, wala bungua. Tena kikiisha kukauka hakipindi, wala hakinywei ila kidogo sana. Kwa hiyo mlango wa mninga hufungika vema wakati wa masika kama wakati wa kiangazi. Randa hupita juu yake vizuri, ingawa vumbi lake huwasha pua. Lakini sehemu ya nje, iliyo nyeupe, haina nguvu hizo.

Jambo hilo nililijua kwa hasara. Mwaka 2006, nikali mwalimu kijana, wazazi walichanga fedha za kabati la vitabu, fedha za ndizi na mboga walizochukua kichwani mpaka sokoni. Nikatumwa kununua mbao. Nikachagua za bei nafuu, zenye weupe mwingi. Mzee fundi alizigeuza, akasema, "Mwalimu, weupe huu usiingie katika miguu."

Nikamjibu, "Mzee wangu, tutaupaka vanishi, hautaonekana."

Akanitazama, akachukua msumeno, asiseme neno.

Baada ya masika mawili, unga laini ulianza kudondoka chini ya kabati. Nikaufagia. Hata Jumatatu moja tulifungua mlango, tukaona mguu mmoja umekuwa mtupu kama mwanzi, na mchwa wamepanda humo humo wakala vitabu vya darasa la sita, na mtihani u karibu. Nilisimama mbele ya wazazi, nikawaambia kosa ni langu. Mama mmoja akauliza vitabu vilikuwa vingapi. Nikasema, 34. Akaketi.

Miguu minne mipya niliinunua kwa mshahara wangu, kiini kitupu. Haikupatikana upesi, kwa kuwa mninga haukatwi bila kibali, na kukua kwake ni kwa taratibu mno: shina la mche hufa kila kiangazi kwa miaka kadha, mizizi tu ikaishi. Kabati lipo hata sasa. Miguu yake ni myekundu kuliko mwili wake, na wanafunzi huniuliza sababu.