Kipilefti, vipilefti

Wako wenzangu wanaolia kwamba Kiswahili kinamezwa na Kiingereza. Mimi riziki yangu ni kuandika programu, na kila ninapotafsiri menyu naona kinyume: Kiswahili ndicho kinachomeza.

Chukua "keep left", agizo kwa dereva anayefika kwenye mzunguko wa barabara. Watanzania wakaligeuza kipilefti, na kwa kuwa linaanza na ki-, wingi ukawa vipilefti. "Mudguard" ikaingia kama madigadi. Ile ma- ikachukuliwa kuwa ya wingi, basi moja ikawa digadi. Hata kitabu kilitoka kwa Waarabu hivyo hivyo, tukakizalia vitabu.

Sasa njoo kwenye kompyuta. Programu nyingi za Kiingereza huunda wingi kwa kubandika "s" mwishoni mwa neno. Kwetu faili 1 limefutwa, mafaili 3 yamefutwa: nomino imebadilika mwanzoni na kitenzi kimeifuata. Kwa hiyo natafsiri sentensi nzima, ya umoja na ya wingi, wala si neno moja moja.

Ndiyo maana sigombani na anayesema kompyuta badala ya tarakilishi. Neno likikubali viambishi vyetu, ni letu. Ninachoogopa ni skrini inayoandika "mafaili 3 limefutwa". Mtumiaji akiona hivyo mara mbili, anairudisha simu yake kwenye Kiingereza, na kumrejesha ni kazi.

Wewe simu yako inasema lugha gani?